Jiwe Ambalo Hatujalichoma

Sifa ni za Mungu aliyeyapanga mawe haya ya Mwanza moja juu ya jingine, kabla hajakuwapo mtu wa kuyapanda wala wa kuyalalamikia. Namshukuru kwa ziwa, kwa mvua, kwa mume aliyenipa na kwa miaka aliyotuacha pamoja. Namshukuru kwa mdomo, kwa kuwa moyo wangu bado uko nyuma. Nilifundishwa misheni, nikiwa msichana, kwamba mdomo ukitangulia kwa uaminifu, moyo hufuata kwa wakati wake. Nimekuwa nikiungoja.

Nyumba yetu iko mlimani, na ina sehemu mbili. Juu kuna chumba chetu cha kulala na jiko, vimekaa juu ya jiwe lenyewe. Tulianza kujenga huko tukiwa vijana, maana ndicho kiwanja tulichoweza kukinunua. Kipande cha chini, kando ya barabara, tulikipata watoto wakiwa wameshakua. Kule chini kuna udongo, ndiyo maana choo kilichimbwa huko. Kati ya juu na chini kuna ngazi zilizochongwa kwenye jiwe, na hazina ukuta wa kushikilia.

Tulipokipata kile kipande cha chini, mume wangu alisema tusijenge kitu cha kutuaibisha. Tukajenga sebule. Ina vigae sakafuni na dirisha la kioo. Tukaweka makochi, kabati la vyombo na picha ya harusi yetu. Mlango wake wa nyuma tuliuelekeza chooni ili mgeni asihangaike. Hatukuwahi kulala humo, na hata kukaa tu wenyewe, bila mgeni, sikumbuki. Ilikuwa sebule ya mchungaji, ya jumuiya na ya wakwe. Sisi tulikula jikoni, juu.

Kisha mume wangu akapata kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala. Aliporudi kutoka hospitali, vijana wa kanisa walimbeba, wakampandisha zile ngazi mpaka kitandani kwake, kwa sababu kitanda chake kilikuwa huko. Walikuwa wanatweta na kuimba. Tuliwapa soda. Hakuna aliyeuliza atashukaje.

Penye sakafu bapa aliweza kujikokota kwa fimbo akinishika bega, lakini ngazi hakuziweza; alishuka mgongoni mwa watu. Vijana wawili wa bodaboda wanaoegesha pale kona walikubali kumshusha chooni asubuhi kabla hawajaanza kazi, na tena jioni. Katikati ya hapo alingoja, au tulitumia ndoo, jambo ambalo alilichukia sana. Mvua ikinyesha jiwe huwa na utelezi, na vijana hawakuja. Sikuwalaumu. Mimi ni mdogo wa mwili, siwezi kumbeba. Binti yetu anaweza kumpikia baba yake, hawezi kumpeleka chooni. Na mkwe wetu, ambaye ana mabega ya kubeba ng'ombe, ndiye kabisa asiyeweza. Kwetu Usukumani mume wa binti haingii chumba wanacholala wazazi wa mkewe. Hata kikiwaka moto, atapiga kelele kwanza akiwa nje.

Ndipo tukaamua kujenga choo huko juu, ukutani mwa chumba chetu. Alikuja fundi kutoka Buswelu, mtu mzima, ambaye amejenga nyumba nyingi za mlima huu. Aligonga jiwe kwa nyundo, akainamisha sikio, akagonga tena.

"Mayu," aliniambia, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "hili ndilo mama wa mlima. Ukilichimba kwa sururu utazeeka kupita hapo ulipofika."

"Nimeshafika mbali."

"Naona. Ndiyo maana nakwambia ukweli."

Akanieleza njia ambayo kila mtu wa mlimani anaijua. Jiwe huchomwa. Unapanga kuni na matairi chakavu juu yake, unawasha, unauacha moto ukae kutwa nzima. Kisha unalimwagia maji ya baridi lipasuke, ndipo nyundo inapata pa kuingia. Halafu unapanga kuni tena. Aliongeza saruji, mabomba, nondo na siku za vibarua, akataja jumla. Mume wangu alikuwa anasikiliza kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi.

"Muulize," alisema, "kama bei hiyo ni pamoja na mlima."

"Mlima nakuachia, mzee," fundi akamjibu. "Sina pa kuupeleka."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa naangalia lile jiwe. Lilikuwa la kijivu, na juu yake palikuwa na mjusi anaota jua.

Binti yetu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Buhongwa. Mshahara wake unakatwa tayari, kwa sababu yeye na mumewe walikopa wanunue kiwanja. Aliposikia bei ya fundi alisema tuongeze mkopo mwingine, na hati ya nyumba yetu iwe dhamana. Alisema kama mtu anayesema tuongeze chumvi. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, tukashuka naye mjini kwenye ofisi ya mikopo.

Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti. Akachukua karatasi, akapiga mahesabu, akatugeuzia tuone. Kwa riba ya sasa, tungejenga choo kimoja na kulipia viwili.

"Bibi," aliniuliza, "hii kazi ni ya lazima sasa hivi? Mimi niko hapa kukopesha, lakini kama si ya lazima, ningekuwa mjukuu wako ningekushauri usubiri. Riba ikishuka, mtarudi."

Nyuma yetu kulikuwa na watu wamekaa kwenye benchi, na mmoja wao nilimjua, ni wa kwaya. Nikamwambia yule kijana kwamba ni marekebisho ya kawaida tu ya nyumba.

Binti yangu aligeuka akanitazama. Tulipotoka nje akaniuliza.

"Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba baba hafiki chooni."

"Yule ni mtoto wa watu. Nimweleze habari za choo cha mume wangu, mbele ya watu?"

"Mama, ile ni ofisi ya mikopo. Kila aliyekaa pale ameleta aibu yake."

Labda alisema kweli. Lakini hata kama ningelisema, riba ingebaki ile ile.

Tulipokuwa tunatembea kuelekea stendi alitaja wale wakopeshaji wengine, wanaotoa fedha siku hiyo hiyo bila maswali, ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Nikakataa. Mwanamke mmoja wa jumuiya yetu walimchukulia friji na magodoro, watoto wakiwa wanatazama. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa kanisani habari ya yule mtu aliyeanza kujenga mnara asiweze kuumaliza, na jinsi wapita njia walivyomcheka. Nikawaza, hati ya nyumba ikiondoka, hata huo mlima wa kumpandishia mgonjwa hautakuwa wetu.

Kwa hiyo tukaamua kusubiri. Tulisali juu ya jambo hilo, mume wangu na mimi, na yeye ndiye aliyeomba kwa sauti. Akamshukuru Mungu kwa busara ya kutokimbilia madeni. Kila tuliyemweleza uamuzi wetu aliusifu. Mchungaji aliusifu. Fundi aliusifu, ingawa alikuwa anakosa kazi.

Nikawa nikimuuliza binti yangu kila aliponipigia simu. "Imeshuka?" Naye ananijibu, "Bado, Mama." Tuliizungumza riba kama watu wanaozungumza homa ya mgonjwa aliyelazwa mbali.

Sijui nieleze vipi miezi ile. Zamani, kabla ya daraja, tulikuwa tunakaa pale Busisi kungoja kivuko. Unaona watu wa ng'ambo, unaona hata moshi wa wachoma samaki wao. Baada ya muda huoni tena chochote, umekaa tu na mzigo wako miguuni. Ndivyo nilivyokuwa. Nilimgeuza mume wangu, nilimwosha, nilipanda ngazi na maji, nilishuka ngazi na ndoo. Watu waliniuliza, "Mama, unaendeleaje?" Nikajibu, "Mungu ni mwema," na ni kweli, ni mwema. Nilikuwa nasema hivyo bila kusikia kitu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu ambao hujui kama bado ni wako.

Jambo moja nililishukuru sana wakati huo. Mume wangu alikuwa hasumbui. Kikombe chake cha maji, nilichokuwa nikikiweka kwenye kidirisha kando ya kitanda, nilikikuta kitupu kila mara, nami nilimsifu kwa hilo. Ni chakula tu alichokuwa anakipunguza. Nikimletea ugali na sato alimega kidogo, akasema ameshiba. Nikimletea michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda tangu utoto, alisema niwawekee wageni. Nilidhani ni uzee.

Pale kidirishani, kando ya kikombe, palikuwa na mshubiri wangu, nimeupanda kwenye kopo la rangi. Mshubiri haudai kitu. Unaweza kuusahau kiangazi kizima ukakusubiri. Asubuhi moja nilipokuwa nafuta vumbi niligusa jani lake, likabonyea kama ndizi iliyoiva. Majani yote yalikuwa ya njano, mengine yamelala juu ya kopo. Nikaliinua kopo likawa zito. Udongo ulikuwa tope, na ulinuka.

Nikatazama bati. Halikuwa limevuja, na mvua hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Nikatazama kikombe. Kitupu. Nikatazama midomo ya mume wangu, ambayo niliiona kila siku, na ilikuwa imepasuka kama ardhi ya Julai.

"Mzee," nilimwambia, "mshubiri umekufa."

"Umri wake umefika."

"Umekufa kwa maji."

Huko barabarani mtu alikuwa anapita na baiskeli, anauza dagaa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tulipokubaliana kusubiri. Nami nasubiri. Nisipokunywa, hakuna wa kusumbuliwa kunibeba. Ni hesabu rahisi, Mama."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

Niliketi pembeni ya kitanda nikangoja nilie. Nilijua kwamba hapa ndipo mtu hulia. Machozi hayakuja. Nikamnywesha maji kijiko kwa kijiko, naye alikunywa kwa utii, akitazama ukuta. Kisha nikachukua lile kopo nikashuka nalo ngazi ili nikaumwage ule uozo.

Nilikwenda kuumwaga nyuma ya sebule, kwenye migomba karibu na choo. Nilipomaliza nikasimama pale na kopo mkononi, kwa kuwa sikuwa na haraka ya kurudi juu. Mbele yangu palikuwa na mlango wa choo. Nyuma yangu palikuwa na mlango wa sebule, ule wa nyuma tuliouweka ili mgeni asihangaike. Katikati palikuwa na sakafu ya saruji, bapa, hata jiwe la kujikwaa hapakuwa. Tulikuwa tumetafuta fedha za kukipandisha choo mpaka kwa mgonjwa. Tulikuwa tumehesabu kuni na matairi. Mimi, yeye, binti yetu, fundi na mchungaji, wote watu wazima wenye akili, na hakuna aliyesema mgonjwa ashushwe mara moja akae chini. Hakuna aliyelisema kwa sababu pale chini palikuwa pa wageni.

Nikapanda nikamwambia.

"Nikalale sebuleni?" aliuliza. "Kama gunia lililosahauliwa na mgeni?"

"Ukalale penye vigae."

"Na jumuiya itasali wapi?"

"Hapo hapo. Wewe ni mzee wa kanisa. Hutakuwa na kisingizio cha kuchelewa."

Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka, ule unaoweza. "Mtu akija na shida yake anikute na blanketi?"

"Sisi wenyewe hapa duniani ni wageni, Mzee."

"Usinihubirie. Hayo mimi ndiye niliyekuwa nikikufundisha."

Kisha sauti yake ikawa nyingine.

"Na mkwe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mkwe wetu ni dereva wa lori, anapita daraja la Busisi kwenda na kurudi, na Jumapili humleta binti yetu pamoja na samaki anayemnunua njiani. Hukaa kwenye kochi la karibu na mlango, la ndani zaidi hajawahi kulikalia. Kabla ya ugonjwa, yeye na mume wangu waliweza kuongea kuhusu ng'ombe mpaka chai ikapoa. Baada ya ugonjwa, yeye alikaa chini sebuleni peke yake, mume wangu yuko juu kitandani, wakatumiana salamu kwa kupitia binti yetu. Sasa tukikishusha kitanda, sebule inakuwa chumba chetu cha kulala, na mkwe hana tena mlango wa kuingilia katika nyumba hii. Mume wangu alikuwa akiniuliza kama niko tayari kumfungia mtoto wa watu nje.

"Sijui," nikasema. "Lakini maji utakunywa."

Alilamba midomo yake iliyopasuka. "Fanyeni," alisema.

Nilimpigia simu binti yangu nikamweleza habari ya mshubiri. Alilia. Nikaishika simu sikioni mpaka alipomaliza.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Nitaongea na mwenzangu," alisema.

Vijana wa bodaboda walikuja kesho yake. Walipandisha makochi juu, wakakishusha kitanda, mwisho wakamshusha mzee mwenyewe. Mmoja wao alipomlaza alijifuta jasho akasema, "Bibi, kumbe siku zote hizi tungembeba mara moja tu." Hakuwa na nia mbaya. Nilimwambia ni kweli, nikamshukuru, nikampa chai. Nilifunga pazia kati ya kitanda na mlango wa mbele. Jioni nilipopanda jikoni nikayakuta makochi yamesongamana chumbani kwetu, kama wageni waliopotea njia.

Jumapili lori lilisimama nje. Binti yangu akaingia na samaki, akapita kando yangu kwenda kumwamkia baba yake. Mkwe alipiga hodi. Hatukumjibu karibu, kwa sababu kumkaribisha kungemtia makosani. Nilikuwa nyuma ya pazia, kama inavyompasa mama mkwe, nikamwona kwa upenyo. Alisimama kidogo akiangalia viatu vyake. Akarudi kwenye lori. Nikafikiri anaondoka.

Alirudi na kreti tupu la soda. Akaliweka barazani, kando kabisa ya mlango, akaketi akiuelekeza mgongo ndani, uso wake ukitazama barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mume wangu akajibu kutoka kitandani. "Umekaa wapi?"

"Hapa nje, baba. Pana upepo."

"Umenipa mgongo?"

"Kwa heshima, baba."

"Basi na mimi ninao wa kukupa. Nimelalia ubavu."

Akacheka yule wa nje, akacheka na wa ndani. Kisha wakaanza. Waliongea habari za barabara ya Geita, na za dume moja ambalo mkwe aliliona mnadani, lenye nundu inayoyumba kama mlevi. Mume wangu hakukubali kwamba dume kama hilo lipo. Wakabishana. Hakuna aliyemwona mwenzake, na maneno yalipita mlangoni bila taabu.

"Mama," mume wangu akaniita katikati ya ubishi, "niletee maji. Huyu ananikausha koo."

Kikombe chake nilikuwa nimekiacha juu. Nikafungua kabati, nikatoa glasi moja ya wageni, zile zenye maua ya dhahabu mdomoni, nikaifuta, nikaijaza. Alikunywa yote. Akanirudishia.

"Ongeza."

Nikaongeza. Baadaye akanishika bega, akachukua fimbo yake, tukaenda polepole kupitia mlango wa nyuma mpaka chooni, tukarudi. Mkwe alikuwa amelisogeza kreti mbele zaidi na alikuwa anaitazama barabara kwa makini sana, kama mtu anayengoja basi.

Nilikuwa nimefikiri kwamba siku hiyo nitasikia kitu moyoni. Nilisimama karibu na kabati nikakingoja. Nilisikia tu kwamba glasi ilikuwa ya baridi mkononi. Nikaiosha, nikaiweka kando ya kitanda badala ya kabatini, nikasema, "Asante, Baba wa mbinguni," kwa mdomo, nikaenda kumparua samaki magamba.

Sasa hivi sijui kama riba imeshuka. Binti yangu hanitajii, nami sijamuuliza. Fundi wa Buswelu hupita akaniamkia, "Mwadila, mayu," akatupa jicho kule juu. Jiwe lipo, halijachomwa, mjusi bado anaota jua. Huenda siku moja tutalichoma. Huenda hapatakuwa na haja. Jumuiya husali kwetu kama zamani, na kiti kikipungua mtu huketi kwenye ukingo wa kitanda cha mzee, naye humwambia asimkalie mguu, kwa sababu ule mguu hauwezi kulalamika wenyewe.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe maji ya kunywa, na akupe njia bapa ya kuyapeleka. Akuwekee mtu wa kukaa mlangoni kwako siku utakapokuwa huwezi kutoka. Na kama moyo wako umelala, auache ulale kwa amani mpaka wakati wake, huku mdomo wako ukiendelea kumshukuru. Amina.